Saa Saba Nilizomhesabia Mama

Kwa dada yangu mpendwa,

Shikamoo dada. Naitanguliza mapema, kwa kuwa ukifika katikati ya barua hii huenda usitake tena kuipokea. Hapo nyumbani hamjambo? Shemeji anaendeleaje na goti lake? Watoto nao, na yule kitinda mimba wenu, bado anakula sabuni? Wewe je, mgongo umetulia? Sisi huku ni wazima kabisa. Mama anakula, anatembea mpaka duka la kona na kurudi bila kushika ukuta, na juzi amemgombeza jirani yangu kwa jinsi alivyoanika mashuka yamekunjamana. Jirani hakuambulia hata neno moja la lugha yetu, lakini aliyanyoosha. Kwa hiyo upande wa afya ya mama, pumua.

Mimi sijambo. Nimenenepa kidogo kwa mapishi yake, shati la kazi limeanza kuninyima pumzi, lakini unajua mimi hata nikinenepa napendeza.

Barua hii sikuitia posta. Nimempa mhudumu mmoja wa ndege, dada mrefu mwenye miwani, anayeondoka kesho kwa ndege ile ile iliyomleta mama. Shemeji ataipokea mlangoni pa uwanja. Posta ingekufikia baada ya mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi, shemeji ameniambia, ndiyo siku unayotaka kumkabidhi mkuu wa zahanati barua yako ya kuacha dirisha la dawa. Alinipigia Jumapili. Usimgombeze. Alisema siku hizi unahesabu vidonge vya mgonjwa mmoja mara tano, foleni inafika barabarani, watu wanapiga miluzi. Alisema ukirudi nyumbani hutaki hata kumpimia mtoto dawa ya kikohozi, unamwachia yeye ashike kijiko, na yeye kijiko chenyewe anakishika kama koleo. Alisema ulimwambia kwamba mtu aliyeshindwa kumfungia mama yake mzazi dawa za safari moja hana haki ya kumfungia mtoto wa mwenzake. Miaka kumi na tisa dirishani, dada! Naomba jambo moja tu. Usimkabidhi mtu barua hiyo kabla hujaisoma yangu hii mpaka kwenye sahihi. Na usiruke. Nakujua, wewe huanzia mwisho.

Sasa nianzie mbali kidogo, maana jambo lenyewe halieleweki mpaka uijue kazi yangu. Na kazi yangu, dada, bila kujipiga kifua, ndiyo uwanja wenyewe. Watu humshangilia rubani. Rubani ni mtu wa heshima, simkatai, tunasalimiana. Lakini rubani anajua kwenda mbele tu. Akitaka kurudi nyuma hatua tatu lazima aitiwe mtu wa trekta. Mimi kwa trekta langu dogo navuta vigari sita vya mizigo kwa mpigo, nakata kona chini ya bawa la ndege nikipiga mluzi, na kwa miaka kumi na moja sijakwaruza hata rangi. Isipokuwa mara moja, na ile ndege ilikuwa imeegeshwa vibaya.

Ndege inayotoka kwetu naijua kama ninavyolijua shati langu. Inaingia Jumanne na Jumamosi, saa kumi na moja jioni, gurudumu la kushoto likigusa chini kabla ya la kulia. Ndiyo maana uliponipigia wiki mbili kabla ya safari ya mama ukaniuliza ni saa ngapi angani, sikuomba hata dakika ya kufikiri. Uliniuliza kama mtu wa dawa anavyouliza: ulitaka idadi kamili, ujue kidonge kipi akinywe kabla ya kupanda na kipi akinywe akishafika huku. Nikakujibu saa saba. Nikaongeza kwamba akisinzia kidogo zitakuwa tano.

Hiyo saba niliipata hivi. Ndege inaondoka huko saa nne asubuhi, tiketi inasema. Inafika hapa saa kumi na moja jioni, tiketi inasema na macho yangu yanaona. Nne mpaka kumi na moja. Nilihesabu kwa vidole, mkono wa pili haukuisha. Chini kabisa ya tiketi kulikuwa na maandishi madogo madogo, na muda wa safari ulikuwa umo humo, lakini mimi si mtu wa kusoma mambo ya chini. Utauliza kama mimi mwenyewe sikuja kwa ndege. Nilikuja. Lakini nilikuwa sijalala siku mbili kwa furaha, nikafunga mkanda, nikafumba macho, nikafumbua nikaambiwa nishuke. Ningeulizwa ningesema safari ni dakika kumi.

Kuna mwenzetu mmoja kazini tunamwita Penseli, kwa sababu ameichomeka sikioni tangu nimfahamu. Ni mama mtu mzima, maneno yake ni ya kuhesabu. Kazi yake ni kukokotoa uzito: mzigo huu ukae mbele, huu nyuma, ndege isije ikainua pua. Siku moja tunakula kwenye kibanda cha kupumzikia nyuma ya ghala, nikawa nawatambia wenzangu kwamba mama yangu anakuja, saa saba tu, ni kama kwenda sokoni. Penseli akauliza kwetu ni mbali kiasi gani. Nikamwambia kilomita elfu kumi na moja, nimeziona kwenye kioo cha kompyuta ya ofisi ya safari. Akachana kipande cha boksi, akaandika elfu kumi na moja, akagawa kwa mwendo wa ndege, mia nane na hamsini kwa saa, akasema hapo ni kumi na tatu kasoro kidogo, sasa hiyo saba nimeitoa wapi. Nikamwambia ndege si lori, bibie, huko juu hakuna matuta wala askari wa barabarani. Kibanda kizima kikacheka, mmoja akapaliwa na mkate. Penseli hakucheka. Akaniuliza kwetu sasa hivi ni saa ngapi. Nikamjibu palepale, maana hilo nalijua hata usingizini: huku saa saba mchana, huko saa moja jioni, mko mbele saa sita. Akanitazama, akangoja. Alingoja kama mwalimu anayeona kwamba jibu limeshafika mdomoni kwa mwanafunzi. Nikamuuliza saa za simu zinahusiana nini na ndege. Akairudisha penseli sikioni, akaendelea na mkate wake.

Ndivyo kichwa changu kilivyo, dada. Tofauti ya saa ilikuwa kwenye chumba cha simu, ndege ilikuwa kwenye chumba cha ndege, na kati ya vyumba hivyo hapakuwa na mlango.

Mpaka hapa pengine unasema, basi, amekosea hesabu, ndiyo kawaida yake, shule aliiacha tulipofika kwenye kugawanya. Yanayofuata ndiyo usiyoyajua.

Siku tatu kabla ya safari mama alinipigia mwenyewe, kwa simu ya shemeji, wewe ukiwa kazini. Alikuwa na wasiwasi wa jambo moja tu, nalo ni choo cha ndege. Miezi ya nyuma, katika kumchekesha, nilikuwa nimempigia chuku kwamba choo cha ndege kinavuta kwa nguvu mno, kuna bwana mmoja mnene alinasa akatolewa na mafundi wawili kwa mafuta ya mashine. Mimi nilishasahau. Yeye lilimkaa. Sasa badala ya kumwambia mama, nilikuwa natania, nikampa ushauri wa kitaalamu. Nikamwambia ni saa saba tu. Asinywe maji tangu asubuhi, hatakuwa na haja ya kuinuka kitini, na chai atakuja kuinywa kwangu. Alifurahi sana. Alisema ndiyo faida ya kuwa na mtoto anayejua mambo.

Siku yenyewe ulimpa kidonge cha presha na kile cha kutoa maji, kama kila siku, na kikombe kizima cha chai. Ameniambia kwamba alivimeza kwa funda moja, na ulipogeuka kufunga begi akaimwaga chai iliyobaki kwenye sinki. Ulikuwa umegeuka, dada. Usingeweza kuona.

Saa kumi na moja jioni ya kwenu ulinipigia, unaikumbuka simu hiyo. Uliuliza kama ameshatua. Mimi nilikuwa juu ya trekta, saa tano asubuhi ya huku, nikacheka, nikakuambia una haraka gani, ndege inaingia saa kumi na moja. Kisha ukasema ndiyo saa kumi na moja sasa, na saa saba zimekwisha. Ulisema tu hivyo, bila ubishi. Nami nikiwa nimekaa pale juu, injini inanguruma, ule mlango uliokosekana kichwani mwangu ukafunguka wenyewe. Nne asubuhi ya kwenu ni kumi alfajiri ya huku. Mama alikuwa ameshamaliza saa saba, na alikuwa na nyingine sita mbele yake, na nilikuwa nimemwambia asinywe maji. Nikakuambia leo kuna upepo wa mbele, ndege imepunguza mwendo, usiwe na shaka. Upepo wa saa sita! Lile fuko la kitambaa linaloonyesha upepo uwanjani lilikuwa limelala kama soksi.

Ofisi ya safari iko ghorofa ya kwanza, ngazi kumi na nane. Watu wa mle huongea na ndege ikiwa angani. Ukiwaambia kwamba kiti fulani kuna mama mzee, apewe maji na asindikizwe chooni, maneno hayo yanafika. Niliwaona wakifanya hivyo kwa abiria mwenye pumu. Nilizipanda ngazi zote kumi na nane. Nilifika mlangoni. Ndani, karibu na dirisha, alikuwa amekaa Penseli na karatasi zake za uzito, anazungumza na mkuu wa zamu. Ili nimwombe yule mkuu, ilinibidi niseme mbele ya Penseli kwamba nimehesabu saba na kumbe ni kumi na tatu. Nikageuka. Nikajiambia mama ni mtu mzima, kiu ikimshika atakunywa. Nikajiambia wahudumu wapo, ndiyo kazi yao. Nikashuka, nikavuta mizigo ya ndege nne. Saa nane mchana nikapanda tena, Penseli hayupo, mkuu wa zamu yuko peke yake anakata kucha. Na bado sikuingia, kwa sababu sasa ingebidi nieleze kwa nini sikuja saa tano.

Hapo sasa sina pa kutupia lawama. Kutojua kuliisha saa tano asubuhi. Kuanzia saa tano mpaka saa kumi na moja nilijua, nikajikausha.

Ndege iligusa chini saa kumi na moja kasoro dakika mbili. Mama alishuka wa mwisho, kwa kiti cha magurudumu, midomo imepasuka, kilemba kimemshukia usoni na hana habari nacho. Aliniita kwa jina la marehemu baba, akaniuliza kama nimefunga madirisha. Nilimpa maji, akashindwa kuyameza. Gari la wagonjwa lilikuja hadi chini ya ndege. Alilazwa siku tisa, dripu mkono huu, dripu mkono huu, na siku mbili za kwanza walisema figo zimekaukiwa, wanangoja waone kama zitarudi kufanya kazi. Zilirudi. Hayo ulikuwa unayasikia kwa simu, sirudii.

Siku ya nne alipopata sauti, alinisimulia safari yake bila kulalamika, kama anasimulia ya mtu mwingine. Alikaa dirishani, kiti nilichomtafutia mimi na kujisifu nacho. Mama hajawahi kuvaa saa, saa yake ni jua, basi akalitazama jua. Jua, alisema, lilikataa kwenda. Akasinzia, akaamka, liko palepale. Watu wakala, wakalala, wakaamka, wakala tena, nalo halijavuka utosi. Akajua basi hata adhuhuri bado, saa saba zangu hazijafika nusu, akajikaza. Nilikuja kumuuliza Penseli, akasema ndege ilikuwa inakimbia upande ule ule linakokwenda jua, ikilifuata nyuma nyuma, kwa hiyo kila saa mbili za safari, jua lilisogea kama saa moja tu. Unaona, dada. Nilipata hadi jua la kunisaidia kumdanganya mama.

Mhudumu alipita na maji mara nne, na mara nne mama alifunika kikombe kwa kiganja, akashukuru. Bwana mmoja aliyekaa kando yake, muuza vipuri, akamwambia mama, kunywa, safari hii ni ya saa kumi na tatu. Mama akamjibu kwa upole kwamba amepotoshwa. Akamwambia mwanawe ndiye mkubwa wa ndege huko waendako, na mwanawe amesema saba. Yule bwana, alisema mama, alimtazama kwa heshima, akamwomba radhi.

Nilimwambia mama naenda kumnunulia machungwa, nikatoka, nikarudi bila machungwa.

Sasa nirudi asubuhi ya kwanza hospitalini, maana mpaka hapa nimekuwa nikizunguka, na wewe umeshajua kwamba nazunguka. Ulinipigia kabla sijanawa uso. Nilikuwa kwenye korido, nimeegemea ukuta karibu na ndoo ya msafishaji. Ukauliza daktari anasemaje. Dada, nilikuwa na nia ya kusema. Lakini kinywa changu kikatangulia. Nikasema wanahisi dawa hazikupangwa sawasawa.

Hakuna aliyesema hivyo. Si daktari, si muuguzi, si hata yule msafishaji.

Ukaamini. Kisha ukasema, kwa sauti ambayo sijaisikia kwako tangu tumzike baba, kwamba huenda ulipaswa kumwondolea kile kidonge cha maji siku ya safari. Ulilifikiria, ukaona kwa saa saba hakina neno. Ulijitafutia kosa mwenyewe, ukalikunja vizuri, ukanipa mkononi. Nami nikalipokea. Na kila ulipouliza tena siku za baadaye, nilikujibu tuyaache dada, yamepita, sote ni binadamu. Yaani mimi ndiye niliyekuwa nakusamehe wewe.

Nisikilize sasa, hiki ndicho nilichokuandikia yote haya. Nilimweleza daktari kwamba mama aliambiwa safari ni ya saa saba na asinywe maji, naye akaumwaga mfuko wako wa dawa mezani. Kila pakiti ina siku yake na saa yake kwa mwandiko wako, na kwa kuwa mama hasomi, umemchorea jua kwenye za asubuhi na mwezi kwenye za usiku. Humo mna karatasi ya majina ya dawa zote na vipimo, kwa yeyote atakayempokea. Daktari akazitazama moja moja. Akauliza nani amefunga. Nikasema dada yangu, anafanya kazi zahanati. Akawaita wauguzi wawili kutoka wodi ya pili, akawaonyesha, akawaambia dawa hufungwa hivi. Mmoja akapiga picha kwa simu yake. Kuhusu kidonge cha maji, alisema kwa safari ya saa saba na mtu anayekunywa maji, hata yeye angempa. Alisema kosa halimo kwenye mfuko huu, liko kwa mtu aliyetoa zile saa saba na kumwambia asinywe. Akaniuliza ni nani. Nikamwambia ni watu wa tiketi.

Hayo maneno ya daktari yalikuwa yako. Nimekaa nayo wiki nane.

Shemeji aliponipigia Jumapili, simu ilikuwa mezani, sauti nimeifungua, mama anamenya viazi. Alisikia yote. Shemeji alipokata, mama akaniuliza kwa nini mtoto wake anataka kuacha kazi kwa ajili ya dawa, dawa zimefanya nini. Nikamweleza kama nilivyokueleza. Alimaliza kiazi alichokuwa nacho. Akasema lile la maji alishalisamehe zamani, ujinga ni ujinga, lakini hili la dada yangu silo lake, hawezi kunisamehe kwa niaba ya mtu. Nikanyanyua simu nikupigie. Akaninyang'anya. Akasema niandike. Akasema kwenye simu nitakuchekesha, na wewe utanisamehe kabla hujasikia.

Basi nimeandika, na nimemsomea kwa sauti mara mbili, yeye macho kayafumba. Nilitaka kuifuta ile sehemu ya kujisifia trekta, kwa aibu. Amekataa. Anasema nikiitoa hutaamini kwamba barua ni yangu.

Jumatatu nilikwenda kwa daktari nikamwambia watu wa tiketi ni mimi. Akavua miwani, akaivaa. Nikamwomba aandike kwa mkono wake yale aliyoyasema kuhusu mfuko wako, akaandika ukurasa mzima na kupiga muhuri. Karatasi hiyo ndiyo iliyokunjwa ndani ya hii. Mpe mkuu wa zahanati, au itundike dirishani, au ichane, ni yako. Jumanne nilisimama kibandani nikawaambia na wenzangu, pamoja na habari ya zile ngazi kumi na nane. Safari hii hakuna aliyecheka, na nilitamani wangecheka. Penseli aliuliza tu mama anaendeleaje, akanisogezea chumvi.

Dirisha hilo usiliache, dada. Watu wa hapo hawana mwingine wa kuwachorea jua na mwezi. Kama ni lazima mtu aache kazi kwa sababu ya hesabu, ni mimi, na mimi nikiacha uwanja mzima utasimama.

Daktari amemruhusu mama kusafiri mwezi ujao. Nimeomba likizo, namleta mwenyewe, nitakaa kiti cha kando yake na chupa ya maji nitaishika mimi. Tarehe atakuambia mama, akikupigia. Simu hiyo ni yenu wawili. Mimi nitakuwa nje naosha trekta. Ukitaka kuja kutupokea, njoo. Ukiona bado hutaki kuniona, mtume shemeji peke yake. Nitaelewa. Nitamkabidhi mama na mizigo yake, nami nitakaa hapo nje kwenye benchi la abiria. Likizo yangu ni ndefu.

Nisalimie watoto, mmoja mmoja, kwa kuwashika kichwa. Shemeji mwambie namshukuru kwa simu yake ya Jumapili na goti aliweke kwenye maji ya moto. Wenzako wa zahanati wasalimie pia, hata kama hawanijui. Waambie una mdogo wako, uwaambie lolote utakalopenda kuhusu huyo mdogo wako. Mama anakusalimu, anasema ule vizuri na ulale. Nakutakia afya njema wewe na nyumba yako yote.

Ni mimi,
mdogo wako uliyembeba mgongoni.